Mama Simu na Saa za Ghali

Ukimwendea mchana na hela yako mkononi, kabla hajakuitikia salamu, alikuuliza: "Kuna aliyekufa?" Ukisema hapana, alikuambia urudi baada ya Isha. Ukisema ndiyo, alikusogezea kiti, akaufuta mkono wa simu kwa upindo wa kanga yake, akakupigia namba mwenyewe. Ndivyo kibanda chake cha simu pale Kikoneni kilivyoendeshwa, na wengi walikuwa hawakipendi. Mimi nilikichukia kuliko wote, maana nilikuwa jirani yake. Cherehani yangu ilikaa upande wa pili wa ubao, na kutwa nzima nilisikia watu wazima na heshima zao wakiulizwa habari za maiti kana kwamba wanaulizwa kama wamekunywa chai.

Tulimwita Mama Simu. Alikuwa mtu wa bara, Mkamba wa zile familia zilizopewa mashamba huku kwetu, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia tumbili shambani. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, hakina mapambo. Nilikaa naye ubao kwa ubao miaka mingi, tukagombana, tukapikiana, tukanuniana, tukapatana bila mtu kutupatanisha. Nikisema nilimpenda nitakuwa nimeyarahisisha mambo. Lakini mpaka leo simu yangu ikilia mchana, namba nisiyoijua, mtu wa kwanza ninayemfikiria ni yeye, na moyo unanishuka.

Vijana watahitaji kuelezwa. Leo mtoto anampigia mjomba wake Uarabuni simu ya picha na kuzungumza naye mpaka betri iishe. Siku zile, ambazo si za kale sana, simu ya kijiji ilikuwa moja, simu ya jamii, ilikaa juu ya meza ya Mama Simu na antena yake imechomoza juu ya bati, na dakika haikuwa na bei moja. Mchana wa siku za kazi ilikuwa ghali. Baada ya Isha bei ilishuka. Jumapili ilikuwa nafuu kutwa. Ukipiga hapa karibu, Msambweni au Ukunda, hukuiona sana tofauti yake, lakini ukipiga Nairobi au ng'ambo ilikuwa tofauti ya kukufanya ukae chini kwanza.

Watu hawakuielewa, na wengine hawakuiamini. Walidhani ni ujanja wake wa kuwafukuza mchana ili apate kulala. Mkulima mmoja wa minazi alimwambia mbele ya watu, "Mama Simu, sauti ni ile ile, mtu ni yule yule. Iweje mchana unitoze kama mimi ni mtalii wa Galu?"

Mama Simu hakukasirika. Kueleza bei ndiko kulikomfurahisha kuliko jambo lolote. "Wewe ukiuza nyanya asubuhi," alimwambia, "watu wa hoteli wamekuja na gari, unashusha bei? Hushushi. Jioni zimebaki, zinalegea, unaita hata mtoto wa mtu, njoo chukua. Simu ni hivyo. Mchana wenye maofisi wanaitaka na hawana njia ingine. Usiku mtambo umekaa bure. Sasa wewe minazi yako haina haraka, unanunua nyanya ya asubuhi ya nini?"

Yule mkulima akacheka, akarudi baada ya Isha. Lakini bibi mmoja jirani yetu hakukubali kabisa. Alikuwa na habari ya harusi ya kumpelekea mwanawe Nairobi, akaambiwa asubiri bei ya chini. "Habari ya harusi niipeleke kwa sauti ya bei rahisi?" alisema, ameudhika kwelikweli. "Nipigie ile ya ghali, nami nitalipa, ili akisikia ajue mamake ana furaha." Mama Simu alibishana naye, akashindwa, akampigia. Bibi aliporudi kwake alikuwa akitembea kama ndiye bi harusi mwenyewe, na Mama Simu alibaki akitikisa kichwa na kuniuliza kupitia ubaoni kama watu wa pwani wote tulikuwa hivi au ni Kikoneni tu.

Lakini ugomvi wake mkubwa na sisi ulikuwa salamu. Huku kwetu mtu haanzi na neno lake. Unampa mwenzio salamu, unamuuliza hali yake, na ya mkewe, na ya watoto, na ya mvua, naye anakuuliza zako, ndipo mnasogea. Saa za nafuu alivumilia. Saa za ghali ilikuwa vita. Alisimama nyuma ya mpigaji akigonga meza kwa kijiko: "Wacha salamu! Sema neno!" Na mtu anapogongewa kijiko hupotelewa na neno lenyewe, akaanza tena na salamu, na kijiko kikazidi.

Maalimu wa madrasa alijaribu kumsomesha. "Kutoa salamu ni sunna, mama, na kuitikia ni faradhi."

"Basi itikia baada ya Isha," alimjibu.

Maalimu alitoka akicheka, lakini si wote waliocheka. Ndipo Mama Simu akabuni njia yake. Kabla hajakupa simu, alikukalisha kwenye benchi mbele yake akakuambia, "Nisalimie mimi. Zote. Umalize hapa, halafu ukishika simu useme neno." Basi ungewakuta wazee wakimsalimia Mama Simu kwa niaba ya ndugu zao wa Nakuru na Kisumu, na yeye akijibu mzuri, mzuri, mzuri, bila kuinua macho, huku akifungua njugu. Nilikuwa nikisikia upande wa pili nikikanyaga cherehani kwa hasira. Niliona ni kutudharau, na nilimwambia hivyo. Alisema nimshukuru, kwa sababu hela wasizolipa simu ndizo watakazonijia nazo kushona.

Njia hiyo ndiyo iliyoleta ile aibu ya sanda.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa mbuzi, mzee mpole, aliyeshuka kutoka kule kwenye ukame wa Kinango kuja kuuza. Mwanawe alioka mikate Nakuru. Wapimaji wa ardhi walikuwa wamefika kwao, naye alitaka kijana aje asimame kwenye mpaka wao wakati wa kupimwa. Ilikuwa mchana. Mama Simu alimuuliza swali lake, mzee akasema hakuna aliyekufa lakini wapimaji hawangoji Isha. Akakalishwa benchini, akazimaliza salamu zake zote, akapewa simu, na kijiko kikiwa tayari. Yule maskini alisema alivyoagizwa. "Njoo nyumbani. Njoo upesi, umesikia? Upesi." Kisha akauweka mkono wa simu, akashusha pumzi, na Mama Simu akampongeza kwa kuwa mwanafunzi hodari.

Kijana wa Nakuru alisikia nini? Alimsikia babake, mtu ambaye hajapata kumwita bila kwanza kumuuliza hali, akisema njoo upesi bila hata hujambo. Kwake maana yake ilikuwa moja tu. Mamake amekufa, na mzee hana nguvu za kulitamka. Alilia pale pale mbele ya tanuri. Wenziwe wakamchangia, wakanunua sanda, wawili wakamsindikiza. Walipofika nyumbani walimkuta mamake uani akipepeta mahindi. Alinyanyuka kuwapokea, akaiona sanda kwapani mwa mwanawe, akautupa ungo.

Yule mama alikuja Kikoneni mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliingia kibandani, akaiweka ile sanda juu ya meza, karibu na simu, akasema, "Hii ni yako. Wewe ndiye uliyeniagizia." Halafu akatoka. Mama Simu alibaki ameketi. Baadaye alinijia ameikunja vizuri, akaniuliza kama inaweza kushonwa kitu kingine, hata mapazia. Nilimwambia mikono yangu haitaigusa. Tulikwenda pamoja kuitoa sadaka msikitini, yeye na msalaba wake shingoni amesimama nje ya ua kwa adabu.

Nilidhani amejifunza. Alijifunza, ndiyo, lakini alichojifunza sicho nilichokitarajia. Siku mbili tatu baadaye aliniambia, kwa uso wa mtu aliyefumbua kitendawili, "Sasa nimewaelewa nyinyi. Mtu wa huku akisalimia, hana shida. Akiruka salamu, kuna maiti." Nilimwambia mambo si mepesi hivyo. Akasema ni mepesi, ila sisi tunapenda kuyazungusha. Tangu hapo aliacha kugonga kijiko, akawa anasikiliza tu mwanzo wa kila simu iliyoingia. Ikiwa ni salamu, humkatiza mpigaji na kumwambia apige saa za nafuu. Ikiwa hakuna salamu, hukimbia kumwita anayetakiwa huku amejishika kichwa.

Lazima niseme na upande wake mwingine, maana ukiishia hapa utamwona ni mtu wa gubu tu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, akitaka kumpigia mumewe au dereva wa gari la hospitali ya Msambweni, hakutozwa kitu, mchana wala usiku. Wasichana wa hoteli za Galu waliokuja kuzungumza na wachumba wao wazee wa Ulaya walilia kwenye meza ile, wakadanganya kwenye meza ile, na hakuna neno moja lililotoka mle ndani. Mimi niliyasikia kupitia ubaoni, naye alijua nasikia. Aliniambia siku moja, "Fundi, masikio yako ni mali yangu. Yakitoka hapa nitakushitaki." Alikuwa Mkristo wa kweli, lakini Jumapili ilikuwa siku yake ya bei nafuu kutwa, watu wakijaa, kwa hiyo kanisani hakuonekana. Mchungaji alipokuja kumkemea, alimkuta ameshika Biblia kwa mkono mmoja na saa kwa mkono wa pili, akamwambia, "Mchungaji, mimi niko ibadani. Nawaunganisha watu." Mchungaji aliondoka baada ya kumpigia dadake wa Machakos, kwa bei ya Jumapili.

Sasa nifike kwa Kyalo, jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo.

Kyalo alikuwa mwanawe wa pekee. Aliletwa huku akiwa mchanga, akakua na wanangu, akala kwangu na kulala kwangu kama kwao. Mamangu mzazi, alipokuwa hai, ndiye aliyemfundisha adabu. Alimwambia ukimjia mtu muulize hali yake mpaka amalize, ndipo useme yako, hata kama umeumia. Mtoto aliyashika mafunzo hayo kupita sisi wenyewe. Siku moja alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mkono, akaja mlangoni kwangu uso umepauka, akasimama akasema, "Shikamoo, mama. Habari za kushinda?" Niliitikia bila kuangalia, nikamwambia nzuri, akauliza na mguu wa bibi unaendeleaje. Ndipo nikainua macho nikauona ule mkono unavyoning'inia. Tulicheka sana baadaye kwa kisa hicho. Mama Simu alicheka kuliko sisi. Alisema tumemharibia mtoto.

Alipokuwa kijana alipata wakala Mombasa, akaenda Saudia kuwa dereva wa nyumba ya mtu. Mama Simu alimshughulikia kwa alichokijua. Aliulizia mpaka akapata saa za nafuu za kule, akamwambia apige Ijumaa jioni, asipige siku nyingine, asije akaliwa jasho lake lote na makampuni ya simu. Kijana alitaka kumjengea nyumba ya mawe. Kila dakika ya ghali, kwa hesabu za mamake, ilikuwa tofali. Basi Ijumaa jioni kibanda kilifungwa kwa wateja, yeye akajitanda kanga mpya, akakaa mbele ya simu kama anangoja kupigwa picha. Nasi majirani tuliingia kusalimiwa mmoja mmoja.

Kisha ikaja siku moja katikati ya wiki, mchana, jua limekaza. Nilikuwa nikimpima mteja gauni. Simu ililia upande wa pili, na nikasikia sauti ya Mama Simu ikibadilika, ikawa laini.

"Kyalo? Ni wewe? Marahaba. Mimi mzima. Wazima wote. Kuku? Kuku wapo, wamezidi. Mvua imenyesha kidogo. Fundi yuko, ana mteja." Sauti ikakaza kidogo. "Kyalo, kuna mtu amekufa?" Akasikiliza. "Basi kama hakuna, kwa nini unapiga saa hizi? Unaliwa, mwanangu. Weka chini. Piga Ijumaa, tuongee vizuri. Nimekuambia weka chini. Haya. Mungu akulinde."

Akakata. Halafu akagonga ubao, akicheka kwa furaha ya mama. "Fundi! Ni Kyalo. Anapoteza hela kuniuliza kuku."

"Labda alikuwa na neno," nilisema, pini zikiwa mdomoni.

"Angekuwa na neno angesalimia vile? Ameuliza mpaka mvua."

Nikarudi kwenye gauni. Na mimi niliona kuwa mtu anayeuliza habari za mvua hana moto nyumbani kwake.

Ijumaa alijitanda kanga yake akakaa. Simu haikulia. Ijumaa ya pili tulikaa naye. Ya tatu hakufunga kibanda, alisema pengine kijana amebadilishiwa zamu. Baada ya hapo alianza safari za Mombasa, na ofisi ya yule wakala akaikuta imegeuzwa duka la simenti. Alikwenda kwa chifu, akaenda kwa wakubwa, akaambiwa aandike, akaandika, akaambiwa angoje.

Aliyetuletea habari alikuwa kijana wa Msambweni aliyerudi likizo kutoka mji ule ule wa Kyalo kule Saudia. Alikuja akaketi kwenye benchi, akatusalimia kwa urefu unaostahili, na safari hii Mama Simu hakumkatiza. Akasema Kyalo alikuwa ametoroka kwa bosi wake, ambaye alimnyang'anya pasi ya kusafiria na kumpiga. Alijificha siku kadhaa. Siku moja mchana aliingia duka la Mhindi mmoja akamwomba simu, apige mara moja tu kwa mamake. Mwenye duka akamruhusu. Kyalo alipomaliza aliirudisha simu, akashukuru, akatoka. Tangu siku hiyo wenziwe hawakumwona, wala hawajui aliko.

"Alisema kitu kwa huyo Mhindi?" Mama Simu aliuliza.

"Alimwambia atarudi Ijumaa, mama. Mamake amesema Ijumaa."

Sijui nieleze vipi. Hakulia. Aliinuka akaenda kusimama mbele ya simu yake, akaiangalia kama mgeni asiyejua ni kitu gani. Mimi ndiye niliyelia, nikamkumbuka mtoto aliyesimama mlangoni na mkono uliovunjika akiniuliza hali ya mguu wa mamangu. Alikuwa akisogea polepole kwenye neno lake, kama alivyofundishwa, na neno lenyewe halikungojwa.

Tangu siku hiyo swali la maiti halikusikika tena pale Kikoneni. Ulikuja saa yoyote, ukapiga, ukasalimia ulivyotaka. Mtu akijisahau akasema neno lake moja kwa moja, Mama Simu humgusa bega akamwambia kwa upole, "Msalimie kwanza." Wengine waliona amerukwa na akili. Biashara ilipungua, kisha zikaja simu za mkononi zikaimaliza. Kampuni ikatangaza kuwa zile simu za jamii zinaondolewa, na namba zake zitakufa.

Hapo ndipo nilipomwona akipigana. Namba ile ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya bluu juu ya ubao wetu, na ndiyo namba pekee aliyoijua Kyalo kwa kichwa. Ikifa, mtoto hana pa kupiga. Alikwenda Mombasa kwenye ofisi zao, akaambiwa namba ya namna ile haihamishwi. Akarudi kesho yake akaambiwa vile vile. Aliketi kwenye viti vyao siku baada ya siku, na chapati zake ndani ya mfuko, akimsalimia kila mfanyakazi aliyepita, na hali ya watoto, na hali ya mvua, yeye aliyekuwa akigonga kijiko. Sijui ni nani aliyemhurumia mle ndani, au ni nani aliyechoka kusalimiwa. Alirudi jioni moja na ile namba imetiwa kwenye laini ya kawaida, ndani ya kabambe, simu ndogo ya vitufe. Nilimshonea kifuko cha kitambaa, akakivaa shingoni pamoja na msalaba wake.

Mimi nilihamia Ukunda, nikapata kazi ya kushona sare za hoteli. Nilikuwa nikimpigia mara kwa mara, na kila mara nilikuwa nikiona aibu kidogo, kwa sababu nilijua simu inapolia moyo wake unakwenda wapi, na kwamba sauti yangu ndiyo inayourudisha. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujakoma. "Ni Fundi," nilikuwa nikisema haraka, nisimwache na tumaini hata kidogo. Naye alinikemea. "Umeanza na nini? Salimia." Basi tunaanza upya, yote, hata watoto ambao sasa ni watu wazima.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwaka huu, nilipokwenda Kikoneni kumpima mpwa wangu gauni la harusi. Nilimkuta barazani kwake anachambua mchicha. Amezeeka, masikio yamefifia, simu yake ameiweka kwenye spika muda wote, imening'inia kifuani. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza zote, akaniuliza zote. Alinipa chai. Tulizungumza juu ya bei ya vitambaa, na jinsi ambavyo siku hizi dakika ina bei moja mchana na usiku, na watu hawana la kuambiana. Kuhusu Kyalo hatukusema kitu, maana tulishasema.

Simu ikalia. Namba ngeni. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mama! Mama, ni mimi mtoto wako!" Ilikuwa sauti ya kijana, ya haraka, nyuma yake kuna kelele za wengine. "Sikiliza, nimeshikwa na polisi, simu yangu wamechukua. Nitumie pesa kwa hii namba sasa hivi, nitakuelezea baadaye—"

Simu za namna hii sote tunazijua. Hupigiwa yeyote, na mzee huwa ndiye anayenaswa. Nikanyoosha mkono. "Kata, mama. Ni matapeli hao."

Akausukuma mkono wangu. "Hujanisalimia," aliiambia simu.

"Mama, hakuna wakati, hawa polisi—"

"Wakati uko. Mwanangu hunisalimia kwanza."

Zile kelele za nyuma zikafifia, kana kwamba kijana amesogea pembeni. Nilidhani amekata. Kisha sauti ikarudi, imepungua haraka yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula. Usikae na njaa. Huko mvua imenyesha?"

"Imenyesha... kidogo."

"Na huku kidogo. Kuku wapo. Fundi yuko hapa, amekuja kunitazama." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Haya, baba. Sasa sema neno lako. Mimi nasikiliza. Sema pole pole."

Tulisikia anavyopumua. Hakusema polisi tena, wala pesa. Alisema, "Samahani, mama," akakata.

Mama Simu aliendelea kuishikilia ile simu kiganjani mpaka taa yake ikazima. Nikamwambia, "Si yeye." Nilikuwa nikiogopa.

"Najua si yeye. Nimejua kabla hajamaliza neno la kwanza." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akairudisha simu kwenye kifuko chake, akavuta sinia ya mchicha. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tano, mama. Asubuhi."

Alitikisa kichwa, akachambua jani moja, akalitia siniani.

"Saa za ghali," akasema. "Na sikumkatia."